Mradi Ukifa, Ardhi Irudi Kijijini: Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Tanzania

Waheshimiwa Wabunge,

Kabla ya kusoma zaidi, naomba mfungue Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, mwende kifungu cha 4. Kifungu hicho kinampa Rais mamlaka ya kuhawilisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma, na kinatamka kwamba uwekezaji wenye maslahi kwa taifa nao ni manufaa ya umma. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anayeamua ni Waziri, baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano huo. Kwa hiyo kijiji kina kauli ya mwisho juu ya shamba la hekta 200, lakini akija mtu anayetaka hekta 5,000, kauli hiyo inashuka na kuwa maoni. Kadiri kinachochukuliwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mwenyewe anavyosikilizwa kidogo. Sioni haki katika mpangilio huo.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni kinachofuata. Ardhi ikishahawilishwa, si ya kijiji tena. Kwa kuwa mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, husajiliwa kwa taasisi ya serikali inayosimamia uwekezaji, nayo humpa mwekezaji hati inayotokana na ya kwake kwa miaka inayoweza kukaribia mia. Mradi ukifa katika mwaka wa tatu, hakuna kinachoirudisha ardhi kijijini. Kifungu cha 5 kinaruhusu ardhi ya jumla igeuzwe kuwa ya kijiji, ila ni ruhusa tu: hakimlazimishi yeyote, wala hakikipi kijiji haki ya kudai. Mwanakijiji aliyenyoosha mkono kukubali mradi anakuwa ameiondoa ardhi mikononi mwa wajukuu wake, na mara nyingi hakuna aliyemweleza hivyo.

Nawaandikia sasa kwa sababu Sera ya Taifa ya Ardhi, toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma Machi 2025, na sheria hufuata sera. Miswada itakapowafikia, ninaomba mbadilishe jambo hili. Ridhaa isiyo na mwisho, ambayo aliyeitoa hawezi kuidai tena hata aliyepewa akiondoka, haistahili kuitwa ridhaa.

Chukueni Kisarawe. Mwaka 2009 kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipata hati ya miaka 99 juu ya hekta zaidi ya 8,000 zilizotoka katika vijiji 11 vya wilaya hiyo, mwendo mfupi tu kutoka Dar es Salaam. Ilikuja kupanda mibono, ili mbegu zikamuliwe mafuta ya kuendeshea magari. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulikuwa umeagiza kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri katika nchi wanachama itokane na vyanzo jadidifu, na wenye mitaji walikuwa wakizunguka Afrika kutafuta mahali pa kuotesha mafuta hayo. Vijiji viliahidiwa ajira, visima, zahanati na madarasa. Mwaka 2011 kazi ikasimama, mamia ya wafanyakazi wakaachishwa, na kampuni ikanunuliwa na mwekezaji mwingine.

Tazameni hapo nini kiliuzwa. Vijiji vilikuwa vimeombwa ardhi kwa ajili ya mibono, na kampuni waliyoijua. Mibono ilikwisha, kampuni ikabadilika, lakini ardhi ikabaki miongoni mwa mali zilizopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Sheria haikumtaka mnunuzi wala muuzaji arudi kwenye mkutano wa kijiji hata kimoja kuuliza kama ridhaa ya mwanzo bado ipo. Wala isingeweza kumtaka, kwa sababu kisheria wanakijiji hawakuwa na kitu pale.

Kilwa ilikuwa vivyo hivyo, kwa ukubwa zaidi. Kampuni ya Kiholanzi iitwayo Bioshape ilipewa zaidi ya hekta 30,000 za vijiji vinne, Mavuji kikiwa kimojawapo, nyingi zikiwa misitu ya miombo. Nayo ilikuja na mibono, nayo ikafilisika. Lakini katika wilaya hiyohiyo kuna vijiji vilivyobaki na misitu yao. Kikole, Nanjirinji na vingine vilitenga misitu ya hifadhi ya kijiji, vikaandaa mipango ya uvunaji, vikapata cheti cha kimataifa cha FSC, na vikauza mpingo na mbao kwa bei ambayo Kamati ya Maliasili ya kijiji ilikaa mezani kuijadili. Wanunuzi walitoka nje ya nchi kama wale wa mibono. Tofauti ni kwamba huku mnunuzi akiondoka, msitu unabaki palepale, na mwenye msitu ni yuleyule. Sikubaliani kabisa na wanaosema kijiji hakiwezi kufanya biashara na dunia mpaka kwanza kinyang'anywe umiliki.

Nimekaa katika mikutano mikuu ya vijiji kama msaidizi wa sheria, na ningependa mjue jinsi ridhaa inavyopatikana, kwa sababu inapowafikia Dodoma huwa imeshakuwa karatasi moja safi. Gari la halmashauri linafika saa nne. Wanashuka afisa ardhi, afisa maendeleo, diwani, wakati mwingine mkuu wa wilaya mwenyewe, na mgeni akiwa na mtu wa kumtafsiria. Mkuu wa wilaya akishasema "serikali yenu imewaletea mwekezaji", aliyekuwa na swali gumu hulimeza, maana kumpinga mwekezaji sasa kunaonekana ni kuipinga serikali. Ahadi hutolewa kwa mdomo. Kisima, zahanati, ajira kwa vijana. Kisha mtendaji wa kijiji anaandika muhtasari, na muhtasari unasema: "Mkutano umeridhia kutoa eneo." Visima havimo. Ajira hazimo. Karatasi ya mahudhurio, iliyosainiwa asubuhi na watu waliodhani wanathibitisha tu kwamba wamefika, inaambatanishwa nyuma kama ushahidi wa kukubali.

Swali ambalo wazee huuliza karibu kila mahali ni hili: "Na wakiondoka je?" Jibu la mezani ni kwamba ardhi ni ya kijiji, mwekezaji anaitumia tu. Aliyejibu pengine anaamini anachosema. Lakini sijawahi kumsikia ofisa akisimama mbele ya mkutano na kusema wazi: mkikubali leo, eneo hili linafutwa kwenye cheti cha ardhi ya kijiji chenu, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuwarudishia. Laiti maneno hayo yangesomwa kwa sauti, mikutano mingi ingekuwa na matokeo mengine.

Wanawake hukaa nyuma, upande wa kivulini. Wao ndio wanaojua eneo linaloombwa kuliko mtu yeyote mbele pale, kwa sababu ndiko wanakookota kuni, wanakochota maji kiangazi, wanakochuma uyoga na mboga za porini mvua zikianza. Kwenye ramani ya mwekezaji eneo hilohilo limeandikwa kwamba halitumiki. Fidia nayo hufuata ramani: mkorosho huhesabiwa, mnazi huhesabiwa, nyumba huhesabiwa, na mara nyingi mbuga na msitu ambavyo kijiji kizima kinaishi navyo hupata kiasi kidogo mno, kikagawanywa na kwisha kabla ya masika.

Waheshimiwa, sheria zetu zenyewe zinachangia kosa hili. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla inajumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Namba 5, iliyopitishwa na Bunge mwaka huohuo, haina maneno hayo. Kwa hiyo shamba lililolazwa ili lipate nguvu, au malisho ya kiangazi ambayo ng'ombe hawapo masika, kwa sheria moja ni la kijiji na kwa nyingine linaweza kuhesabiwa kuwa la yeyote. Inasemwa mara kwa mara kwamba takriban asilimia 70 ya ardhi ya nchi hii ni ya vijiji na asilimia 2 tu ndiyo ya jumla. Mwenye kutafuta ardhi ya kumpa mwekezaji mkubwa lazima aitazame hiyo 70, na neno "isiyotumika" ndilo mlango.

Hili si jambo la wageni na mibono peke yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, shirika letu wenyewe la NAFCO lililima ngano katika tambarare za Hanang, hadi mashamba yakafikia saba na takriban hekta 40,000. Lengo lilikuwa chakula cha taifa, ngano ya mkate wa mijini. Nalitaja kwa sababu lilikuwa lengo jema na hakuna aliyelificha. Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Wabarabaig waliizunguka na mifugo yao kwa majira, wakiacha mabonde yenye rutuba, muhajega, yapumzike ili yawafae wakati wake. Mwonekano wake ulimdanganya mpangaji: aliona nyasi bila watu, akaona nafasi. Trekta zikalima malisho, zikalima njia za mifugo, zikalima na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilikipa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Wafugaji waliokuwa wakizalisha nyama na maziwa waliambiwa wapishe ili nchi ipate chakula. Mpaka leo sijasikia mpangaji yeyote aliyeeleza hesabu hiyo ilifungwa vipi: kilichovunwa kiliandikwa, na kilichopotea hakikuandikwa popote.

Ndiyo maana napatwa na hofu ninaposikia tena hoja ya chakula ikitumika kuharakisha ardhi. Septemba 2023, katika Jukwaa la Mifumo ya Chakula Afrika lililofanyika Dar es Salaam, bara letu lilizungumziwa kama ghala la kesho la dunia. Mimi nataka liwe hivyo. Watu zaidi ya milioni 700 duniani walikuwa na njaa mwaka ule, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, na mtu mwenye moyo hawezi kuwatazama akasema hayamhusu. Lakini tuulizane kwa ukweli nani anailisha dunia sasa hivi. Watafiti wa FAO walikadiria mwaka 2021 kwamba mashamba yaliyo chini ya hekta mbili, yanayotumia takriban asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo, yanatoa karibu theluthi ya chakula chote cha dunia. Na hapa kwetu jibu halihitaji mtafiti. Ukame ulipoiangusha Zambia mwaka 2024, serikali yetu ilikubaliana kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Akiba ya mahindi ya nchi hii hujazwa na Rukwa, Ruvuma, Songwe, Mbeya: mkulima wa ekari tatu, wa ekari tano, anayepeleka magunia kwenye kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na kungoja kwenye foleni alipwe. Analima juu ya ardhi ya kijiji. Ukimtoa hapo kwa jina la usalama wa chakula, umeliondoa jiko ukitaka kupika zaidi.

Na mashamba makubwa yaliyoahidiwa? Bei za vyakula zilipopanda 2008, ardhi iligombewa duniani kote. Ripoti ya Benki ya Dunia iliyotoka Septemba 2010 ilieleza kwamba mikataba ya takriban hekta milioni 56 ilitangazwa kabla ya mwaka 2009 kwisha, zaidi ya asilimia 70 ikiwa Afrika, lakini kilimo chenyewe kilikuwa kimeanza katika asilimia 21 tu ya mikataba hiyo. Hao si wanaharakati waliosema. Ni Benki yenyewe. Ardhi iliyotolewa ikakaa bila kulimwa ni hasara mara mbili: mwekezaji hailimi, na mwanakijiji akiingia kulima mihogo yake humo anaitwa mvamizi.

Najua mtakachoambiwa na wataalamu wa fedha. Benki haikopeshi mwekezaji bila hati imara, na hati imara haiwezi kutoka kijijini. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Lakini benki inachohitaji ni uhakika kwamba kwa miaka kadhaa iliyotajwa mkopaji hataondolewa shambani, na mkataba wa upangaji uliosajiliwa unaweza kutoa uhakika huo, kijiji kikiwa mpangishaji. Majirani zetu wameshaandika sheria ya namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2016, kifungu cha 36, inataka mkataba wa uwekezaji ufungwe na jamii yenyewe, na ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Utekelezaji wake unasuasua, jamii nyingi bado hazijasajiliwa, na nisingependa tuige hadi uzembe huo. Lakini msingi wake ni sahihi: anayetoa ndiye anayesaini, na ardhi haibadilishi mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo Bunge, kama mlinzi wa hazina, lisingependa kulisahau. Mkataba unapokuwa kati ya serikali na mwekezaji peke yao, ugomvi wake huishia mbali. Mradi wa sukari wa kampuni ya Kiswidi katika iliyokuwa ranchi ya Razaba, Bagamoyo, ulisuguana kwa miaka na wakulima na wafugaji waliokuwa wakiishi humo. Sweden ikaondoa msaada wake 2015, na serikali ikafuta hati mwaka uliofuata. Aprili 2022 baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia liliamua Tanzania ilipe takriban dola milioni 165. Ardhi ile haikuwa ya kijiji, hilo nalifahamu. Ninachotaka mkione ni kiti kilichokosekana. Waliokuwa wakiishi Razaba hawakuwa upande wowote wa kesi, ila fedha zikitoka hazina zinatoka pia mfukoni mwao.

Sitawaficha kwamba vijiji navyo vina wezi wake. Wapo wenyeviti waliouza ardhi usiku na kuandika muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika. Ndiyo sababu siombi mamlaka yawe mikononi mwa mwenyekiti au Halmashauri ya Kijiji. Yawe ya Mkutano Mkuu, na mkutano usiwe mmoja. Uwepo wa kwanza wa kusikiliza, kisha ipite miezi, mkataba ukiwa umebandikwa ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, kila ahadi na tarehe yake ndani. Wanawake wapate kikao chao wenyewe. Kisha mkutano wa pili wa kuamua, bila mkuu wa wilaya mezani. Mwekezaji aliye makini haogopi kungoja miezi sita kwa ajili ya miaka thelathini.

Mambo haya hayajatoka kichwani mwangu. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima kuanzia 1991, ikasikiliza maelfu ya wananchi, na mwaka 1992 ikapendekeza kwamba ardhi za vijiji ziwe mali ya Mikutano Mikuu ya Vijiji, zisiwe chini ya dhamana ya Rais. Serikali ya wakati ule ilikataa kiini hicho, na sheria za 1999 zikaandikwa kwa njia nyingine. Ripoti ipo. Kuna wabunge miongoni mwenu waliokuwa hawajazaliwa ilipoandikwa, na ningewasihi hao hasa waisome.

Basi, mswada utakapoletwa, ninaomba kikomo cha hekta 250 kiondolewe ili ridhaa ya kijiji iwe sharti kwa eneo lolote linaloombwa kwa uwekezaji. Kijiji kipewe uwezo wa kupangisha bila kwanza ardhi yake kuhawilishwa. Maneno "isiyokaliwa au isiyotumika" yafutwe katika Sheria Namba 4. Na kwa ardhi iliyokwisha kuhawilishwa, sheria iseme kwamba mradi ukisimama kwa muda utakaotajwa, au kampuni ikiuzwa, jambo lirudi kwenye Mkutano Mkuu, nao ukikataa, ardhi irudi kwenye cheti cha kijiji bila kungoja huruma ya mtu.

Lipo pia jambo ambalo halihitaji mswada. Mnaweza kumtaka Waziri wa Ardhi, katika kikao kijacho cha bajeti, aweke mezani orodha ya kila eneo la kijiji lililohawilishwa kwa uwekezaji tangu sheria hizi zianze kutumika Mei 2001: kijiji gani, hekta ngapi, nani ana hati leo, na linalimwa nini. Ianze na Kisarawe na Kilwa, kisha isomwe hadharani katika wilaya husika, kwa Kiswahili, kijiji kwa kijiji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa sheria, Mkoa wa Pwani